Mgonjwa Akisema "Ganzi", Tuandike Msimbo Gani?

Barua nne zilizotufikia kwa ajili ya safu hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti, yaani ganzi ya mgonjwa iandikwe kwa msimbo gani (namba ya kimataifa ya ugonjwa au dalili inayowekwa katika faili na fomu za bima), nasi tumeona zijibiwe pamoja. Waandishi tumewataja kwa kazi zao na mahali walipo.

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni karani wa madai ya bima katika kituo cha afya mkoani Morogoro. Kila mwezi ninapoandaa fomu za madai nakutana na mafaili ambayo daktari ameandika "ganzi miguuni" au "ganzi mikononi" bila kuongeza neno. Nimezoea kuwawekea wote R20.2, lakini mwezi uliopita madai kadhaa yalirudishwa kwa maelezo kwamba utambuzi haulingani na dawa zilizotolewa. Wengi wao walikuwa wagonjwa wa kisukari, na mmoja ni fundi cherehani. Je, msimbo sahihi wa ganzi ni upi? Na daktari akiweka alama ya kuuliza mbele ya jina la ugonjwa, nifanyeje? — *Karani wa madai, Morogoro*

JIBU: Marahaba. Msimbo mmoja wa ganzi haupo, na sababu imo ndani ya neno lenyewe. Katika Kiswahili ganzi ni neno pana mno. Mzee anayesema mguu umekufa ganzi huenda ana maana kwamba akikanyaga msumari hasikii. Dada anayesema mkono una ganzi huenda anasikia kama sindano nyingi zinamchoma, au kama sisimizi wanatambaa chini ya ngozi. Na yupo anayesema ganzi ilhali tatizo lake ni udhaifu, yaani kikombe kinamponyoka kwa sababu vidole havina nguvu ya kukishika. Hata dawa anayodungwa mtu kabla ya kung'olewa jino tunaiita sindano ya ganzi. Mgonjwa hakosei kuyaita yote hayo kwa jina moja, kwa kuwa ndiyo lugha yake na yetu. Anayekosea ni mhudumu anayelibeba neno hilo kama lilivyo na kuliweka katika faili bila kuuliza, "Ganzi ya namna gani?"

Katika ICD-10, yaani toleo la kumi la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, matatizo ya hisia za ngozi yamewekwa chini ya R20, na kila hali ina nafasi yake. R20.0 ni ya ngozi isiyohisi kabisa. R20.1 ni ya ngozi ambayo hisia zake zimepungua lakini hazijapotea. R20.2, hiyo uliyoizoea, ni ya hisia zinazojitokeza bila kuguswa: kuchomwachomwa na sindano, kutekenywa, kutambaliwa na wadudu wasioonekana. R20.3 ni ya ngozi inayohisi kupita kiasi, kama yule mgonjwa asiyestahimili hata shuka kugusa nyayo zake usiku, na R20.8 imeachwa kwa hali nyinginezo na zile zisizobainishwa. Udhaifu wa misuli haumo humo kabisa. Kwa hiyo ulipowapa wote R20.2, ulisema kwa niaba ya daktari kwamba wote walikuwa wakichomwachomwa, na inawezekana baadhi yao hawakuwa wakisikia chochote, jambo ambalo ni kinyume chake.

Tofauti hiyo hupatikana katika chumba cha daktari, na haihitaji mashine. Mgonjwa hufumba macho, kisha mhudumu humgusa nyayo kwa kipande cha pamba kilichosokotwa ncha, au kwa ule uzi wa plastiki wa gramu 10 unaotumika kukagua miguu ya wagonjwa wa kisukari, na kumwomba aseme "ndiyo" kila anapoguswa. Nimewahi kumtazama tabibu akifanya hivyo kwa mama mmoja aliyekuwa amekuja kwa ganzi. Alimgusa mara tano kwenye kidole gumba cha mguu, naye mama akanyamaza mara zote tano, kisha akauliza kwa upole kama uchunguzi ungeanza lini. Katika faili la mama huyo hapakuwa tena na shaka kuhusu msimbo wa hisia, na sentensi iliyoandikwa ilikuwa fupi: "Hahisi mguso wa pamba, nyayo zote mbili hadi kifundoni." Ukiona sentensi ya namna hiyo unajua pa kwenda.

Hata hivyo, misimbo yote inayoanza na R imo katika sura ya dalili, na sura hiyo ni kimbilio la muda. Hutumika pale ambapo chanzo hakijajulikana, au mgonjwa amekwenda zake kabla ya kujulikana. Chanzo kikishathibitishwa, dalili iliyo sehemu ya kawaida ya ugonjwa huo haiandikwi tena peke yake. Hapa ndipo madai yako mengi yalipokwama.

Tuanze na wagonjwa wa kisukari. Daktari akithibitisha kwamba ganzi ya mgonjwa mwenye kisukari cha aina ya pili imetokana na kuharibika kwa mishipa ya fahamu kulikoletwa na sukari, msimbo ni E11.4 pamoja na G63.2. Katika kitabu utaona E11.4 ina alama ya jambia na G63.2 ina kinyota: wenye jambia hubeba chanzo na ndio unaotangulia, wenye kinyota hubeba madhara yaliyojitokeza, na wa kinyota hausimami peke yake. Kosa ninaloliona mara nyingi ni E11.9 kuandikwa pamoja na R20.2. E11.9 maana yake ni kisukari kisicho na madhara. Mkaguzi wa bima anaona mgonjwa asiye na madhara, halafu katika fomu hiyohiyo anaona amepewa gabapentini au amitriptilini kwa maumivu ya mishipa ya fahamu. Sehemu mbili za fomu moja zinapingana, naye ana haki ya kuuliza ipi ni ya kweli.

Lakini usije ukachukua hatua hiyo mwenyewe. Si kila mwenye kisukari aliye na ganzi ameipata kutokana na sukari. Anayetumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi anaweza kupungukiwa na vitamini B12, na upungufu huo nao huharibu mishipa ya fahamu. Ukithibitishwa, chanzo kinakwenda E53.8 na kinyota chake ni G63.4. Mwingine ana kisukari na pia ana mgongo unaobana mshipa unaoshuka mguuni. Kuunganisha ganzi na kisukari ni hukumu ya kitabibu. Wewe unaliona pengo katika faili, na kazi yako ni kulirudisha faili kwa aliyeliandika, likiwa na swali lililoandikwa waziwazi: "Ganzi hii ni ya namna gani, na je, chanzo chake kimethibitishwa?" Najua foleni ilivyo, na najua karani anavyotazamwa anapogonga mlango wa daktari saa tano asubuhi. Gonga hata hivyo.

Fundi cherehani wako ananivutia zaidi, maana kazi yake ni kidokezo. Mtu anayeshika mkasi na kusukuma kitambaa kutwa, kisha akaamka usiku vidole vikimchoma na kulazimika kukung'uta mkono hadi utulie, anapaswa kuulizwa ni vidole vipi. Akionyesha kidole gumba, cha shahada, cha kati na upande mmoja wa cha pete, daktari atafikiria kubanwa kwa mshipa wa fahamu wa kati unaopita kwenye kifundo cha mkono, na akithibitisha, msimbo ni G56.0. Akionyesha kidole cha mwisho na nusu ya kile cha pete, mshipa ni mwingine, ule unaopita nyuma ya kiwiko, na msimbo ni G56.2. Kidole kimoja kimebadilisha namba, na tena kimebadilisha matibabu.

Sasa alama ya kuuliza. Kanuni zilizomo katika juzuu ya pili ya ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani zinasema kwamba, kama mwisho wa kipindi cha huduma hali kuu bado imeandikwa kuwa inashukiwa na hakuna maelezo zaidi, ugonjwa unaoshukiwa huwekewa msimbo kana kwamba umethibitishwa. Wengi hushangaa kulisikia hilo. Soma lakini sehemu ile ya "hakuna maelezo zaidi", kwa kuwa inakutaka kwanza uyatafute hayo maelezo. Alama ya kuuliza haina msimbo. Ukishaandika namba, shaka ya daktari inapotea na mgonjwa anabaki na kisukari katika kumbukumbu zake, pengine hana. Kipimo cha sukari kwa tone la damu ni cha dakika chache, na mara nyingi kingeondoa alama hiyo kabla faili halijafika mezani kwako. Kama mlipaji wenu ametoa mwongozo wake kuhusu magonjwa yanayoshukiwa, fuata mwongozo huo katika madai.

Kuna ganzi moja ambayo naomba isipite mikononi mwenu kama R20.0 na kusahauliwa. Baka kwenye ngozi, lenye rangi iliyopauka au ya wekundu, ambalo ndani yake mgonjwa hahisi mguso, ni dalili ya ukoma hadi ithibitike vinginevyo. Ukoma una msimbo wa A30, nao umegawanywa kulingana na aina, na A30.9 ikibaki kwa ule usiobainishwa. Nilipokuwa karani katika masjala ya hospitali nililiona faili la mwanamume aliyekuja mara nne kwa ganzi ya mkono, na kila mara alikuwa amepewa namba nyingine: mara R20.2, mara R20.8, mara ya mgongo. Mara ya tano mhudumu alimwomba avue shati. Misimbo miwili kati ya ile ya mwanzo niliiandika mimi kwa mkono wangu, nikiwa sijauliza lolote. Ukoma unatibika, dawa zake hutolewa bure, na mishipa ya fahamu iliyokwisha kuharibika hairudi kwa urahisi, hivyo kila ziara inayopita na namba ya jumla inaweza kuwa kidole kinachopotea. Ukiona katika faili maneno "baka" na "ganzi" pamoja, mwambie mganga mfawidhi siku hiyohiyo, ili mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya apate taarifa.

SWALI: Habari za kazi. Ninatoa huduma katika zahanati mkoani Kigoma. Nina wagonjwa wawili wanaotumia isoniazidi, dawa ya kifua kikuu. Wa kwanza anaishi na VVU na anatibiwa kifua kikuu. Wa pili naye anaishi na VVU lakini amepewa isoniazidi ya kinga tu. Wote wanalalamika kwamba nyayo zinawaka moto, na nina hakika kwamba dawa ndiyo chanzo. Niandike misimbo ipi? — *Tabibu, Kigoma*

JIBU: Isoniazidi inajulikana kwa kuvuruga matumizi ya vitamini B6 mwilini, na ndiyo maana vitamini hiyo hutolewa pamoja nayo ili kulinda mishipa ya fahamu. Kwa kuwa wewe mwenyewe ndiye mtabibu na umekwisha kufikia uamuzi, huhitaji tena R20. Madhara ya mishipa mingi ya fahamu yaliyosababishwa na dawa ni G62.0, nayo huongezewa Y41.1, inayoeleza kwamba dawa iliyoleta madhara ni ya kundi la dawa za kifua kikuu na jamii yake, iliyotumika kwa matibabu na kwa namna inayostahili. Msimbo wa Y ni wa kueleza tu. Hauwi utambuzi mkuu hata siku moja.

Wagonjwa wako wanatofautiana katika kinachobaki. Wa kwanza ana kifua kikuu kinachohusishwa na VVU, kwa hiyo utaongeza B20.0. Wa pili hana kifua kikuu, na hapa nakuomba uangalie sana. Jina la dawa katika daftari humfanya karani aliyezoea kuweka msimbo wa kifua kikuu bila kufikiri, na mtu aliyepewa kinga akahesabiwa miongoni mwa wagonjwa. Kwake andika hali yake ya VVU kama ilivyo kwenye kadi yake, pamoja na G62.0 na Y41.1, na uandike kwa maneno kwamba isoniazidi ni ya kinga.

Kabla ya hapo, jiulize pia kama mmoja wao anakunywa pombe kwa wingi, maana madhara ya pombe kwenye mishipa ya fahamu yana msimbo wake, G62.1, na nyayo huwaka moto vilevile.

SWALI: Salamu kutoka Columbus, Ohio. Nilikuwa muuguzi nyumbani na sasa nasomea kazi ya kuweka misimbo ya matibabu hapa Marekani. Mwalimu wetu anasema kwamba ugonjwa unaoshukiwa hauwekewi msimbo kamwe, lakini mimi nakumbuka tulifundishwa tofauti. Nani yuko sahihi, na je, ganzi na kuchomwachomwa vinaweza kuandikwa pamoja? — *Mwanafunzi, Ohio*

JIBU: Ulichofundishwa nyumbani ni kanuni ya Shirika la Afya Duniani, niliyoieleza kwa karani wa Morogoro. Marekani inatumia ICD-10-CM, toleo lake yenyewe lililoanza kutumika katika madai tarehe 1 Oktoba 2015, na lina miongozo yake. Kwa wagonjwa wa nje, maneno kama "inawezekana", "inashukiwa" au "kuondoa shaka" hayapewi msimbo wa ugonjwa. Unaandika kile kilichojulikana kwa hakika siku ile, hata kama ni dalili tu. Kwa mgonjwa aliyelazwa hospitalini, utambuzi ambao bado unashukiwa wakati anaruhusiwa huandikwa kana kwamba upo. Kwa hiyo "kamwe" ya mwalimu wako ni ya wagonjwa wa nje.

Ganzi na kuchomwachomwa vinaweza kuandikwa pamoja kama daktari ametaja vyote viwili: katika faharasa ya Marekani ganzi inakupeleka R20.0 na kuchomwachomwa R20.2, na hakuna katazo kati yao. Utakutana pia na R20.9, ya tatizo la hisia lisilobainishwa, ambayo katika kitabu cha nyumbani imemezwa na R20.8. Jambia na kinyota hutaviona. Kisukari cha aina ya pili chenye madhara ya mishipa mingi ya fahamu kina msimbo mmoja, E11.42. Kwa mshipa wa kati uliobanwa kifundoni, mkono nao lazima utajwe: G56.01 ni wa kulia, G56.02 wa kushoto, G56.03 yote miwili, na G56.00 ni pale ambapo daktari hakusema, jambo ambalo lingekupasa umuulize. Misimbo husasishwa kila tarehe 1 Oktoba, kwa hiyo kitabu cha mwaka jana kisikae mezani pako.

Kiswahili chako ni msaada hapo ulipo. Mgonjwa Mkongomani au Mtanzania akisema "ganzi" na mkalimani akalitafsiri mara moja kuwa kutohisi, wewe unajua kwamba neno hilo linaweza kubeba maana nyingine, na unaweza kuomba aulizwe tena.

SWALI: Mgonjwa akija na ganzi ya upande mmoja, uso na mkono, iliyoanza ghafla, nasi hatuna mashine ya CT ya kupiga picha ya ubongo, tuandike nini? — *Muuguzi, Tanga*

JIBU: Kwanza apelekwe anakoweza kuhudumiwa kiharusi, na karatasi zimfuate. Ikiwa daktari amethibitisha kiharusi lakini haijulikani kama mshipa wa damu umeziba au umepasuka, ICD-10 ina I64 kwa hali hiyohiyo, na ni msimbo wa kweli kabisa kwa hospitali isiyo na CT. Msiandike I63 kwa kukisia kwamba umeziba. Ikiwa dalili zimekwisha zote ndani ya saa 24 na daktari akaamua kwamba lilikuwa tukio la muda la ubongo kukosa damu, ni G45.9. R20 haina nafasi katika lolote kati ya hayo. Na katika barua ya rufaa, pamoja na neno ganzi, andikeni kama mkono una nguvu au hauna, na saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho, kwa sababu hilo ndilo watakalouliza mlangoni kabla ya msimbo wowote.